Usiuze hisa ili ununue alizeti

Msomaji wa Singida ameniandikia: "Tuko watatu, tuna kampuni ya kukamua mafuta ya alizeti inayoingia mwaka wa tatu. Mwaka jana mauzo yalifika shilingi milioni 340, mafuta na mashudu kwa pamoja, na faida ilikuwa ndogo. Sasa tunatafuta milioni 400: milioni 210 za kununua alizeti msimu ujao, milioni 110 za mtambo wa kusafisha mafuta, milioni 45 za gari la usambazaji, na milioni 35 za masoko na akiba. Tumewafuata wawekezaji Dar es Salaam na Nairobi, na karibu wote wanatujibu kwamba hali ya soko si nzuri, turudi baadaye. Mmoja tu yuko tayari kutoa milioni 150, ila anataka asilimia 45 ya hisa. Tukubali, au tusubiri soko lichangamke?"

Ndugu zangu, msikubali ofa hiyo kama ilivyo, na msikae mkisubiri. Biashara yenu inafadhilika hata sasa. Tatizo ni ombi lenyewe. Mmechukua mahitaji manne yasiyofanana, mkayajumlisha kuwa milioni 400, kisha mkayapeleka kwa mtu wa aina moja tu, yaani mnunuzi wa hisa. Fedha ya kununua alizeti hutoka Juni na hurudi kabla ya mwaka kwisha. Fedha ya mtambo hurudi kidogo kidogo kwa miaka minne au mitano. Fedha ya kujitangaza inaweza isirudi kabisa. Kila moja ina mtu anayefaa kuitoa, na mwenye hisa ndiye wa gharama kubwa kuliko wote.

Kwanza muwaelewe hao wanaowaambia mrudi baadaye, maana hawawadanganyi. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023, benki kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu na sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50, na fedha nyingi zilizokuwa zikija Afrika kutafuta faida zikabaki kwao. Kwa hesabu za Partech, kampuni ya uwekezaji inayofuatilia mitaji barani, kampuni changa za teknolojia barani zilipata takriban dola bilioni 6.5 mwaka 2022, zikashuka hadi bilioni 3.5 mwaka 2023, na bilioni 3.2 mwaka 2024. Kwa majirani zetu, Februari 2024 serikali ya Kenya iliuza hati fungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Mtu wa Nairobi aliyeweza kupata riba hiyo akiwa amekaa ofisini kwake ana haki ya kuwauliza ninyi mtampa nini cha zaidi.

Riba hizo zimeshuka tangu wakati huo, lakini uoga haujaisha, kwa sababu kuna watu walioungua. Copia, kampuni ya Kenya iliyowauzia bidhaa watu wa vijijini kupitia mawakala, ilikusanya zaidi ya dola milioni 100, na Mei 2024 ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Sendy ya usafirishaji ilikuwa imetangulia mwaka 2023. Baada ya hapo maswali yamebadilika. Mwaka 2021 mwekezaji aliuliza mtakua kwa kasi gani. Leo anauliza: nisipowapa fedha, mtakuwa hai mwakani? Andaeni jibu la swali hilo kabla ya jingine lolote, na jibu hilo liwe na tarakimu.

Tuje kwenye alizeti, maana ndiyo zaidi ya nusu ya ombi lenu na ndiyo yenye makosa mengi zaidi. Mwekezaji anayetoa milioni 150 kwa asilimia 45 anasema kampuni yenu ina thamani ya milioni 183 kabla fedha yake haijaingia. Kwa bei hiyohiyo, mkiuza hisa ili mpate milioni 210 za kununua alizeti, mtagawa asilimia 53 ya kampuni. Kufika Desemba alizeti itakuwa imekamuliwa, mafuta yameuzwa na mashudu yameliwa na ng'ombe, lakini hisa hazitarudi. Sasa linganisheni na mkopo. Hata benki ikiwatoza asilimia 18 kwa mwaka, milioni 210 kwa miezi sita ni riba ya milioni 18.9. Inauma, nakubali. Lakini ikishalipwa imelipwa, na kampuni bado ni yenu.

Mtaniambia benki inataka hati ya kiwanja na hamna. Kwa mkopo wa msimu, mzigo wenyewe unaweza kuwa dhamana. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 inamruhusu mwenye mazao kuyahifadhi kwenye ghala lenye leseni na kuitumia stakabadhi, yaani hati ya mzigo uliopokelewa ghalani, kuombea mkopo. Njia ya pili ni mkataba wa watu watatu: ninyi, benki, na kampuni ya kusimamia dhamana. Msimamizi huyo anakaa ghalani kwenu, ndiye mwenye funguo, na anahesabu kila gunia linaloingia. Mkilipa benki thamani ya magunia 200, anafungua na kutoa magunia 200 mkakamue. Yaliyobaki hayaguswi. Utaratibu huu una gharama zake na unachosha, hasa kwa watu waliozoea kuingia ghalani muda wowote wanaotaka. Faida yake ni kwamba benki haiangalii tena kama baba zenu wana nyumba. Inaangalia bei ya alizeti na uzito uliomo ghalani.

Mkiona benki bado inasita, iulizeni kuhusu udhamini wa mkopo. PASS Trust imekuwa ikidhamini mikopo ya kilimo tangu mwaka 2000, na Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, ina mfuko wa udhamini unaolenga wakulima wadogo na wanaofanya nao kazi tangu 2018. Mfuko wa namna hii hubeba sehemu ya hasara ya benki mkopaji akishindwa kulipa. Eleweni vizuri hapo: deni linabaki lenu lote, kilichopungua ni hofu ya benki. Muulizeni ofisa mikopo waziwazi kama tawi lake linaufanyia kazi mfuko huo, kwa sababu wengine wanao mkataba na hawautaji mpaka mteja aulize.

Tena sioni sababu ya kukopa milioni 210 zote. Nunueni kwa awamu. Najua alizeti ni rahisi wakati wa mavuno na bei hupanda kadiri mwaka unavyosonga, kwa hiyo kila mwenye mashine Singida anatamani kujaza ghala mwezi wa tano na wa sita. Lakini kuna jambo ambalo mkopeshaji makini atawauliza: bajeti ya serikali. Husomwa katikati ya Juni na huanza kazi Julai mosi, na ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje umekuwa ukibadilishwa humo mara kwa mara. Ukipunguzwa, mafuta ya mawese ya bei nafuu huingia kwa wingi na bei ya alizeti huanguka, nanyi mtabaki na ghala lililojaa mzigo wa bei ya jana. Kwa hiyo nunueni sehemu kabla ya bajeti, sehemu baada yake, na iliyobaki muinunue kwa fedha ya mafuta mliyokwisha kuuza. Kwa mzunguko huo naona milioni 140 zinatosha. Kwenye andiko lenu wekeni ukurasa mmoja unaoonyesha mtafanya nini bei ikishuka kwa robo. Ukurasa huo utawapa heshima kuliko picha zote za mashamba ya maua ya njano.

Kuna fedha nyingine mmeipuuza, ya wateja wenu. Wafugaji wakubwa na watengenezaji wa vyakula vya mifugo wanahitaji mashudu kwa uhakika kuliko wanavyohitaji punguzo. Wauzieni mapema: walipe sasa, wapokee baada ya miezi miwili, kwa punguzo la asilimia 4. Ni sawa na kukopa kwa takriban asilimia 25 kwa mwaka, kwa hiyo msifikiri ni ya bure na msiifanyie mazoea. Lakini haitaki dhamana, haitaki hisa, na mkataba wa mauzo ya mbele ni karatasi ambayo benki inaipenda sana. Na yale maduka makubwa yanayochukua mafuta na kulipa baada ya siku 60, ama myapunguzie mzigo ama muongeze bei. Kwa sasa ninyi ndio mnaowakopesha.

Mtambo wa kusafisha mafuta usinunuliwe kwa hisa wala kwa mkopo wa kawaida. Tangu 2008 tuna sheria ya ukodishaji wa mitambo inayomwezesha mkodishaji kuununua mtambo kwa jina lake, ninyi mkautumia na kuulipia kidogo kidogo, na mwisho wa mkataba ukawa wenu. Mtambo wenyewe ndio dhamana. EFTA na PASS Leasing wanafanya kazi hiyo, na SIDO nao wana utaratibu wa kukopesha mashine. Kwa kawaida mtatakiwa kutoa sehemu ya bei mwanzoni. Tuchukulie asilimia 30, yaani milioni 33. Ila mniambie kwanza: nani ameahidi kununua hayo mafuta yaliyosafishwa, na kwa bei gani? Wapo wateja wengi wanaotaka alizeti iliyochujwa tu, yenye rangi na harufu yake. Kama hamna oda ya maandishi kutoka kwa mnunuzi mmoja mkubwa, ningeuacha mtambo huo hadi msimu wa pili.

Gari liondoeni. Barabara ya Singida hadi Dar es Salaam ina malori kila siku, na milioni 45 zilizolala kwenye gari moja linalosubiri tairi hazikamui hata lita moja.

Mpaka hapa ombi la milioni 400 limebaki hivi: milioni 140 za benki kwa msimu, milioni 77 za mkodishaji wa mtambo, na takriban milioni 70 ambazo kweli ni za hisa, yaani malipo ya awali ya mtambo pamoja na masoko na akiba. Rudini kwa yule mwekezaji na ombi la milioni 70. Kwa bei yake mwenyewe, bila kubishana naye, asilimia 45 inashuka hadi karibu 28. Mkimsogeza akubali kwamba kampuni ina thamani ya milioni 220 kabla ya fedha yake, anapata asilimia 24.

Nashikilia mpaka wa robo kwa sababu ya kisheria. Mabadiliko ya katiba ya kampuni yanahitaji azimio maalumu, na azimio hilo hupita kwa robo tatu ya kura. Mwenye zaidi ya asilimia 25 anaweza kulizuia peke yake milele. Wapo wawekezaji wazuri wenye nguvu hiyo wasioitumia vibaya, lakini mpe mtu nguvu hiyo kwa kujua, na alipe bei yake.

Bei ya hisa si hatari pekee, na mara nyingi si ndiyo kubwa. Wakati soko ni gumu mwekezaji huweza kuwaachia bei mnayoitaka kisha akajilipa kwenye masharti. Tazameni sharti moja tu, la kulipwa kwanza. Tuseme ametoa milioni 150 kwa asilimia 45, na mkataba unasema kampuni ikiuzwa atalipwa kwanza mara mbili ya fedha yake, halafu atagawana kinachobaki kulingana na hisa. Kampuni ikauzwa kwa milioni 400. Anachukua 300. Katika 100 zilizobaki anachukua 45. Ninyi watatu, wenye asilimia 55 kwenye karatasi, mnagawana milioni 55, yaani kama milioni 18 kila mmoja kwa jasho la miaka yote hiyo. Kulipwa kwanza mara moja, bila kugawana tena, ni jambo la kawaida na la haki. Zaidi ya hapo, kataeni. Na kabla ya kusaini mlipeni wakili anayefanya kazi za kampuni, awasomee mkataba mstari kwa mstari. Ndugu anayejua sheria kidogo hatoshi kwa kazi hii.

Mkishindwa kukubaliana bei, pendekezeni mkopo unaogeuka kuwa hisa: anatoa fedha leo kama deni, na siku mwekezaji mwingine atakapoingia kwa bei inayojulikana, deni lake linageuka kuwa hisa kwa punguzo kidogo. Wekeni kikomo cha muda na andikeni nini kitatokea ikiwa huyo mwingine hatakuja.

Akija mtu wa nje na mkopo wa dola wa riba ndogo, mshukuruni na mkatae. Mnauza kwa shilingi. Dola iliyokuwa kama shilingi 2,330 mwanzoni mwa 2023 ilivuka 2,700 mwaka 2024, kisha ikashuka tena kabla mwaka haujaisha. Aliyekopa dola 50,000 mwanzoni, yaani milioni 116.5, akalazimika kulipa wakati wa kilele, alitafuta milioni 135 kabla ya kugusa riba. Hakuna faida ya kukamua alizeti inayobeba pigo kama hilo kwa msimu mmoja.

Sasa vitabu vyenu. Sijaviona, lakini kampuni nyingi za umri wenu zinafanana hapa. Mashine ilinunuliwa kwa jina la mmoja wenu. Eneo limepangishwa kwa jina la mjomba. Nusu ya mauzo inaingia kwenye simu binafsi ya yule anayekaa dukani. Kwa mkopeshaji, mauzo hayo hayapo. Milioni 340 mnazonitajia zikionekana benki kama milioni 190, yeye atakopesha kampuni ya milioni 190. Chukueni Lipa Namba ya jina la kampuni leo, kila kitu kipite huko au benki, risiti za EFD zitolewe zote. Hamisheni mashine na pango viwe vya kampuni. Wasilisheni BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, taarifa za mwaka na za wamiliki wanufaika, yaani wenye kampuni halisi, na mlipie hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi aliyesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi. Cheti cha TBS kiwe hai. Anayekagua kampuni hutafuta kwanza sababu ya kuwaacha, na karatasi iliyokosekana ni sababu nyepesi kuliko zote.

Wale waliowaambia mrudi baadaye, wachukulieni kwa neno lao. Kila mwezi watumieni ukurasa mmoja wenye tarakimu zilezile: mmenunua magunia mangapi na kwa wastani wa bei gani, gunia limetoa lita ngapi, wateja wanachukua siku ngapi kulipa, na fedha iliyopo itawafikisha mwezi gani. Mwezi mbaya nao uandikwe, pamoja na mlichofanya. Msiombe chochote kwenye ukurasa huo. Mtu mwoga akishaona miezi minane ya tarakimu zinazolingana na mlivyoahidi, mazungumzo yenu huwa tofauti kabisa na yale ya mara ya kwanza.

Onyo moja, kwa sababu naliona likizidi: msitangaze kuuza hisa kwenye makundi ya WhatsApp wala Instagram. Kampuni binafsi hairuhusiwi kuualika umma kununua hisa zake, na wanachama wake hawazidi 50. Ndugu au rafiki aliyeko Muscat au London anaweza kuingia kwa mkataba wa maandishi na jina lake likaandikwa BRELA. Umma ni kazi ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana na ya Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambalo tangu 2013 lina dirisha la kampuni zinazokua. Maendeleo Bank ilianzia hapo. Ninyi bado. Na ile mikopo isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kampuni yenu haimo, lakini kikundi cha akina mama wanaorejareja mafuta yenu kinaweza kuomba kikawalipa taslimu.

Anzeni mazungumzo na benki Novemba, msingoje Aprili. Kamati ya mikopo haijui kwamba alizeti inavunwa Mei.

Na ikiwa benki itakataa na mwekezaji atakataa, msimu bado mnao. Kamueni kwa ada. Wakulima na wafanyabiashara walete alizeti yao, mlipwe kwa gunia, mkubaliane mashudu yabaki kwenu, myauze. Hamtahitaji hata shilingi ya kununulia mzigo, mashine itafanya kazi siku nzima, na kila gunia litaandikwa kwenye daftari la kampuni. Faida kwa lita itakuwa ndogo na jina lenu halitakua sana madukani mwaka huo. Lakini mtafika Novemba mkiwa na miezi sita ya mapato yasiyo na deni, na kwa daftari hilo mtaomba mkopo wa msimu unaofuata.